Utandu Ndani ya Gobore

Sogeeni. Mwenye usingizi autoe kabisa, maana mwisho wa maneno haya nitadai kitu kwa kila mmoja, na "sikusikia" sipokei.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji cha Igunguli, ndani kabisa ya misitu ya miombo, ambako watu waliishi kwa asali na nta. Kila mmoja wao alikuwa na kipawa chake, na hakuna aliyekiazima kwa mwenziwe.

Wa kwanza aliitwa Nyanzobe, mwanamke mjane. Kipawa chake kilikuwa vidoleni. Alichemsha nta ya nyuki, akaikamua, akaichanganya na mafuta ya kondoo, kisha akachovya kidole na kukisugua na dole gumba. Hapo angekuambia: haya ni ya kulainisha ngozi ya ngoma, haya ni ya uzi wa uta, haya ni ya bunduki. Hakupima kwa kibaba wala kwa kijiko, na hakukosea. Macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu, kwa hiyo kwenye mizinga alikuwa akiongozwa na binti yake Limi, kitinda mimba, mtoto pekee aliyembakia.

Wa pili aliitwa Mgalula, mwindaji. Kipawa chake kilikuwa jicho. Akikuonyesha swala, wewe utatafuta mpaka swala aondoke. Alikuwa na gobore aliloachiwa na baba yake. Gobore, kwa ambao hamkuliona, ni bunduki ya zamani inayolishwa kwa mdomo. Unamimina baruti, unafunga risasi kwa kitambaa kilichopakwa nta na mafuta, unaishindilia mpaka chini kwa ufito uitwao mdeki. Ukifyatua, risasi inaenda zake, lakini yale mafuta hayaendi. Yanaungana na moshi wa baruti, yanaganda ndani ya mtutu. Baba yake Mgalula alipokuwa anakata roho alimwambia mwanawe, "Humo ndani mna utandu na mna ukoko. Utandu ni mwembamba, laini, ndio unaoishika risasi mkono iende njia moja kila siku. Ukoko ni mgumu, kama wa chungu kilichoungua. Utandu usiuoshe. Ukoko usiuache." Akafa. Hakusema mtu atajuaje siku utandu unapogeuka ukoko.

Wa tatu ni Kalunde, mke wa Mgalula, na huyu ndiye tutakayetembea nyuma yake. Kipawa chake kilikuwa usafi wa mikono. Chungu kikipita kwake ungedhani kimetoka kwa mfinyanzi asubuhi ileile. Mashemeji walimtania kwamba siku moja atamsugua kobe mpaka atoke bila gamba, naye akawajibu kwamba ataanza na shingo zao. Alizaa watoto wanne. Watatu walirudi walikotoka kabla ya kuota meno, akabaki mmoja, Mwashi, msichana wa miaka saba.

Basi kiangazi cha mwaka ule akaja simba.

Alianza na mpita njia, watu wakasikitika kidogo, maana hakuwa wa kwao. Akamchukua mke wa mhunzi, mtoni, jua likiwa utosini. Akachukua ndugu wawili ndani ya kibanda kimoja. Wakafika sita, wakafika saba. Huyo wa saba ulipatikana mguu tu, na mguu ule ukazikwa kwa sanda nzima, kwa sababu mama mtu alikataa sanda ikatwe. Baada ya hapo hakuna aliyechunga kondoo tena. Kondoo wakafungiwa zizini, wakakonda wakabaki sufu na pembe. Na katika kijiji kizima, bunduki iliyokuwa na baruti ilikuwa moja, ile ya Mgalula.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Nyanzobe alifanya hivi. Mara mbili Mgalula alikutana na simba uso kwa uso, na mara mbili gobore lilikataa. Fataki, ile inayowasha baruti, ililia, halafu ndani ikasikika pssi, kama moto uliokojolewa. Mara ya kwanza simba alimtazama tu, akageuka. Mara ya pili simba aliondoka na yule mtu wa saba. Mgalula akaja akakaa mlangoni kwa Nyanzobe bila kusalimia. Yule mama akachukua kitambaa kimoja cha risasi, akakisugua vidoleni, akajua. Mgalula alikuwa anashinda juani na bunduki imeshindiliwa, na jua la mwaka ule halikuwa la kawaida. Mafuta yaliyeyuka yakashuka yakalowesha baruti. Na mafuta yenyewe ya kondoo yalikuwa yanakwisha. Kwa hiyo Nyanzobe akapunguza mafuta, akaongeza nta mara mbili, akapata kitu kigumu kama sabuni. Akampa, akamwambia haya hayatamwangusha juani. Na kweli, tangu siku hiyo gobore halikukataa hata mara moja.

Mgalula alifanya hivi. Kila asubuhi alipiga risasi moja kwenye gogo lililochorwa alama ya chokaa, ahakikishe linalia. Siku ya kwanza risasi ilikaa kwenye alama. Siku ya tatu ikakaa upana wa kidole kuume. Siku ya sita ikakaa kiganja kizima kuume, na siku ya saba vilevile. Mafuta yalikuwa yanawaka na kwisha, nta ngumu inabaki ndani ya mtutu, tabaka juu ya tabaka, na risasi ilikuwa inateleza juu yake na kutoka upande. Mgalula akafikiri. Kuosha aliogopa, kwa sababu ya lile neno la baba yake, na kwa sababu bunduki ikishaoshwa inataka risasi nyingine tano au sita mpaka itulie, na baruti ilikuwa imebaki ya kukung'utwa ndani ya pembe. Akaona kasoro unayoijua si kasoro. Likienda kiganja kuume, yeye atalenga kiganja kushoto. Akajaribu mara mbili, mara mbili risasi ikakaa kwenye chokaa. Basi akaliacha hivyo, na hakumwambia mtu. Kwa wawindaji wa Igunguli bunduki haisemwi vibaya. Ukiisema, wenye mikuki hawatasimama nyuma yako.

Kalunde alifanya hivi. Zamani, mume wake aliposhindilia, mdeki ulishuka ukisema sss, kama unga ukimwagwa. Sasa alimwona akiuegemea kwa kifua, na siku moja alimwona akiugonga kwa jiwe. Mjomba wake Kalunde alikufa kwa jambo hilohilo. Risasi ilikwama katikati ya mtutu, baruti ikakosa njia, gobore likapasuka, na waliomwosha marehemu walifunga kitambaa mahali pa taya kwa sababu taya halikuwepo. Kalunde alimuuliza mumewe kama bunduki haijasongwa. Akamjibu, "Mama Mwashi, wewe na chungu, mimi na bunduki. Kila mtu na masizi yake."

Kalunde hakulala siku tatu.

Mchana mmoja Mgalula alirudi kutoka msituni, amekesha juu ya mti siku mbili, akaliacha gobore tupu ukutani, akajitupa kitandani na viatu vyake. Kalunde akachemsha maji, akayatia jivu, akayamimina ndani ya mtutu. Yakatoka meusi. Akamimina tena, akasugua kwa ufito uliofungwa kitambaa, na ukoko ukaanza kutoka vipande vipande, kama magamba ya samaki. Alijaza kiganja. Alipomimina mara ya saba maji yakatoka meupe kama yalivyoingia. Akalikausha, akalipaka mafuta ya nyonyo ndani na nje, kama apakavyo mtoto aliyetoka kuoga. Akausukuma mdeki kwa kidole kimoja ukashuka wenyewe. Alifurahi, jamani. Akalirudisha ukutani, akakaa kungoja mumewe aamke. Alishapanga atakavyosema. Angemwacha agombe mpaka amalize, halafu angemshika kidole chake na kukiweka juu ya mdeki.

Kilichomwamsha Mgalula ni yowe kutoka upande wa mbuga.

Hapa kuna mwiko ambao lazima niwaeleze. Pale Igunguli, mwindaji akishika silaha kumwendea simba mla watu, mke wake anaweka punje ya mtama chini ya ulimi, na hatamki neno lolote mpaka mume arudi. Neno likitoka, hata liwe "haya", simba analiokota. Analitumia kumvuta mume aelekee mahali pabaya. Palikuwa na mwanamke mmoja, enzi za bibi zao, aliyemwambia mumewe "jihadhari" mume akiwa kizingitini. Neno moja. Kilichorudi nyumbani ni mkanda wake. Kalunde alilelewa na hadithi hiyo kama nyinyi mlivyolelewa na uji.

Kwa hiyo mkono wa Mgalula ulipogusa gobore, Kalunde alikuwa ameshatia punje mdomoni. Aliitia kabla hajakumbuka kwamba ana neno la kusema.

Mgalula akamimina baruti mbele yake. Akafunga risasi. Akausukuma mdeki kwa nguvu zake zote, na mdeki ukashuka mpaka chini peke yake, karibu aanguke. Akasimama. Akainua macho akamtazama mkewe.

Kalunde naye akamtazama. Akanyoosha mikono, akasugua viganja kama mtu afuaye nguo, akaonyesha bunduki, akasugua tena. Mgalula aliona. Baadaye alisema barazani kwamba alielewa mkewe amelifuta vumbi, na kwamba mdeki ulivyoteleza alidhani nta imelainika kwa joto la mchana. Na yowe likapigwa tena, safari hii na jina ndani yake: Kaseko. Akatoka mbio.

Kalunde alimfuata hatua kumi. Punje ilikuwa imefika kwenye meno. Alijiuliza: akisema, mume anakufa. Akinyamaza, kuna ubaya gani? Bunduki safi si bora kuliko chafu? Ya kwamba mumewe alikuwa amejiwekea kichwani kulenga kiganja kimoja kushoto, hakujua. Angejuaje? Hakuambiwa. Akasimama njiani, akaurudisha ulimi juu ya punje.

Huyu Kaseko alikuwa kijana, mtoto wa pekee wa mjane mmoja ambaye watu walishasahau jina lake la kuzaliwa, wakamwita Mama Kaseko tu. Alikuwa amekwenda kushusha mzinga. Walipofika mbugani, mahali majani yalipochomwa, walimkuta chali, simba amesimama juu yake kwa ubavu, kichwa cha simba kiko kushoto kwao, amemng'ata bega la kulia. Wanaume wenye mikuki walikuwa wamezunguka, lakini hakuna aliyerusha. Mkuki ukikosea simba unampata mwenzao.

Mgalula akapiga goti, hatua thelathini. Kaseko alikuwa hai, na alimwona. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwomba jirani kaa la moto, "Piga, kaka. Usiogope, wewe piga."

Moyo wa simba uko nyuma ya bega. Mgalula akautafuta, akauona kwa jicho lake lile, kisha akahama kiganja kimoja kushoto, kama gogo lilivyomfundisha. Akafyatua.

Na gobore lilikuwa limeoshwa. Halikuwa na ukoko wa kuisukuma risasi kuume. Wala utandu wa kuishika mkono halikuwa nao. Lilikuwa na chuma kitupu na mafuta ya nyonyo, na risasi ya kwanza kwenye mafuta mapya haina adabu. Ikaenda kiganja kingine kushoto. Viganja viwili kutoka kwenye moyo. Ikampata simba shingoni, ikavunja, na simba akaanguka palepale bila kunguruma.

Wanaume wakapiga mayowe ya furaha. Kijijini wanawake wakasikia, wakajibu kwa vigelegele. Kalunde uani kwake akatema punje, akacheka, machozi yakamtoka. Akasema kwa sauti, peke yake, kuku wakimtazama, "Nililiosha mimi."

Vigelegele vikakatika. Havikufifia. Vilikatika vyote mara moja, kama kamba.

Kule mbugani walikuwa wamemviringisha simba, na chini ya shingo ya simba palikuwa na kifua cha Kaseko. Tundu lilikuwa chini ya mtulinga, dogo, la kuingia dole gumba. Risasi ile ilipomaliza kazi ya kwanza ilikuwa bado na nguvu ya kazi ya pili.

Wakakaa barazani, mkuu wa kijiji, ambaye kwao anaitwa mwanangwa, yuko katikati. Na mwanangwa alikuwa na desturi mbili mkononi, na zote ni za wazee.

Ya kwanza ni ya ngozi. Aliyemwua simba mla watu nyumba yake inapewa ngozi, na asali ya kwanza ya kila mzinga msimu ule, na hakuna harusi itakayochezwa bila yeye kukaa mbele. Ya pili ni ya kigoda. Nyumba iliyoua mtu, hata kwa bahati mbaya, inatoa mtoto wake mmoja, au aliyeua mwenyewe kama hana mtoto wa kutoa, kwenda kujaza kigoda cha marehemu. Mtu huyo analala kwenye nyumba ya msiba, anamchotea maji mzazi wa marehemu, anaitwa kwa jina la marehemu, na mzazi akifa yeye ndiye anayemzika. Jina lake la zamani haliitwi tena. Waliomzaa wakikutana naye njiani wanamsalimia kama jirani.

Mwanangwa akasema risasi ilikuwa moja, kwa hiyo mkono utakaopokea ngozi ndio huohuo utakaojaza kigoda.

Sasa hesabuni wenyewe. Mkono ukiwa wa Mgalula, anayekwenda ni Mwashi. Ukiwa wa Nyanzobe, anayekwenda ni Limi, maana mjane ndiye mwenye nyumba na mtoto, na yule mama atashika ukuta mpaka siku yake. Ukiwa wa Kalunde, anayekwenda ni Kalunde mwenyewe, kwa sababu pale mtoto ni wa ukoo wa baba, mke hana mtu wa kutoa ila nafsi yake. Nyumba ya Mama Kaseko iko ng'ambo ya kisima. Kalunde atakutana na Mwashi kisimani kila siku, na hataitwa mama.

Wakalijaribu gobore. Mzee mmoja mwenye mkono uliotulia akalisafisha, akalipaka mafuta ya nyonyo, akalenga alama ya chokaa moja kwa moja bila kuhama. Risasi ikakaa kiganja kimoja kushoto. Na kwenye gogo lilelile palikuwa na matundu ya siku ya sita na ya saba, kiganja kimoja kuume. Hapo hapakuwa na la kubishana tena juu ya bunduki. Likabaki la watu.

Walianza na Nyanzobe. Wakamwambia kwamba nta yake ndiyo iliyozaa ukoko, ukoko ndio uliomfundisha Mgalula kulenga pembeni, na kama angeacha mafuta yalivyokuwa tangu mababu, hakuna ambacho kingetokea. Nyanzobe akawauliza kama wamesahau ile pssi. Mtu wa saba alikufa kwa yale mafuta ya mababu. Kaseko angelala chini ya simba akisikiliza bunduki inakojoa, na simba angekuwa anawasikiliza wao barazani sasa hivi. Akasema yeye aliombwa gobore linalolia, na lililia.

Wakamgeukia Mgalula. Wakamwambia alijua bunduki ina ugonjwa akauficha, na mdeki ulipoteleza alipewa onyo na chuma chenyewe, akajiambia ni joto. Na wengine wakaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mwisho wa yote kidole kilikuwa chake. Mgalula akajibu kwamba jicho lake halikukosea hata unywele. Wamrudishie bunduki jinsi alivyoitundika, na risasi itakaa kwenye moyo wa simba, na Kaseko atakuwa anauguza bega. Mzee mmoja akakohoa akasema yeye amewahi kuona simba aliyepigwa moyoni akaendelea kung'ata mpaka mtu akahesabu ishirini.

Wakafika kwa Kalunde. Kwake walikaa muda mrefu zaidi. Wakamwambia aliosha kisicho chake, akakatazwa na mumewe kwa maneno na bado akaosha, na aliposhaosha akafunga mdomo. Binamu wa marehemu akauliza kwa nini hakusema. Wanaume wote wakatazama chini, maana hakuna hata mmoja wao ambaye angekubali mkewe aseme. Binamu akauliza tena: basi kwa nini hakumnyang'anya ile bunduki, kwa nini hakumshika miguu?

Kalunde akasimama. Akasema, "Ningesema na mume wangu akafa, mngeniita mchawi. Nimenyamaza akafa Kaseko, mnaniita mwuaji. Haya, nifundisheni neno ambalo mke wa mwindaji anaruhusiwa kulisema, nilijue kwa mara nyingine."

Mgalula akamtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Alimwuliza, mbele ya watu wote, kama ni kweli kulikuwa na ukoko wa kujaza kiganja. Kalunde akasema kweli. Mgalula akasema basi risasi moja au mbili zaidi na yeye ndiye angezikwa bila taya. Watu wakasikia alichosema, na wakasikia pia kwamba hakikumsaidia mtu yeyote.

Ndani ya kifua cha Kalunde kulikuwa na neno jingine. Alitaka kusema: ni mimi, nipeni ngozi, yaishe. Akisema hivyo Mwashi amepona, hatapelekwa popote. Akafungua mdomo. Halafu akamwona Mwashi nyuma ya wanawake, amekalia kanga yake, anamsubiri amalize watu warudi nyumbani kupika. Akaona kwamba kumwokoa na kumwacha ni neno lilelile moja. Akageuza macho, yakamwangukia Limi, amemshika mama yake kiwiko. Kama yeye angekaa kimya tu, na Mgalula akakaa kimya, wazee walikuwa tayari wamechoka na wangeweza kumwangukia yule mjane asiye na mwanaume wa kumsemea. Hilo nalo aliliona, wazi kabisa. Akakaa chini, na hakusema lolote kati ya hayo.

Ndipo mtu mmoja mpole, mwenye kupenda amani, akasema labda tunajisumbua bure. Aliyemwua Kaseko si ni simba?

Mama Kaseko alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Akasema bila kuinuka, "Mwanangu nilimwosha mwenyewe. Bega nililiona, mfupa ulikuwa mzima. Tundu halikuwa begani. Na simba siwezi kumwita aje anichotee maji."

Yule mpole akajaribu tena. Akamwuliza kama hawezi kusamehe tu, kwa kuwa hapa hakuna aliyekusudia.

"Sina hasira na yeyote kati ya hawa," akasema Mama Kaseko. "Wote watatu walikuwa wanamtafutia mwanangu uhai, hilo naliona. Lakini msinifanye nisamehe ili nyinyi mwende mkale. Nikisamehe, nani atanizika?"

Baraza likavunjika bila neno. Likakaa siku ya pili, likavunjika. Leo ni siku ya tatu.

Na ngozi ya simba ipo palepale katikati ya baraza, imekunjwa. Ngozi mbichi inataka chumvi na jivu siku ileile. Lakini anayeitia chumvi ndiye mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Imeanza kunuka. Manyoya yanatoka ukiyagusa. Mwanangwa amesema jua likizama itachomwa moto, na kabla haijachomwa lazima jina litajwe, kwa sababu Mama Kaseko ameketi mlangoni kwake na mtungi mtupu.

Haya, nimemaliza yangu, nadai yenu. Msiniambie simba, jibu hilo mama mwenye msiba amelikataa. Msiniambie wote watatu, maana kigoda hakikaliwi na watu watatu. Wala msiniambie bahati mbaya, bahati haichoti maji. Ni nta ya Nyanzobe, au jicho la Mgalula, au mikono ya Kalunde? Ni nani atakayelala leo kwa Mama Kaseko na kuamka kesho akiitwa Kaseko?

Tuanze na wewe uliyekaa karibu na mlango. Ungeamuaje?